"Baada ya kula au kabla?": kliniki ya wanyama iliyomtibu mbwa wangu hapa Malindi

Daktari ameniomba nisimtangaze kwa jina, na nimemheshimu. Kliniki yake ni vyumba viwili na baraza yenye benchi, hapa hapa mjini Malindi, na wauza chakula cha kuku wanaijua vizuri. Ninaandika kwa sababu mbwa wangu alikuwa anakufa nikimtazama. Najua wako wengine wenye mbwa wadogo wanaozubaa na kuyumba hivyo hivyo, na wanaambiwa ni minyoo.

Mimi ni mpishi. Nimepika miaka 14 katika nyumba za Waitaliano upande wa Casuarina. Mwaka jana mama niliyekuwa nikimpikia aliuza nyumba akarudi kwao, na mbwa wake mdogo akabaki kwangu. Ni jike, Maltese, mweupe kote, na wakati huo alikuwa na miezi 7. Jina lake Briciola, kwa Kiitaliano maana yake ni chembe ya mkate. Watoto wa kwetu Maweni jina hilo limewashinda, wao humwita Bricho, naye anaitika.

Tangu mwanzo hakuwa akikua. Alikuwa na kilo 1.9, mbavu unazihesabu kwa vidole, na maji alikuwa akinywa kupita kiasi. Nilidhani ni huzuni ya kuachwa. Nikaanza kumnunulia maini ya ng'ombe buchani kila Jumamosi ili apate damu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni moja nilitoka jikoni nikamkuta sebuleni amesimama mbele ya ukuta, paji la uso amelikandamiza pale kama anayesukuma mlango uliokwama. Nilimwita, hakugeuka. Nilipiga sufuria kwa mwiko, hakushtuka. Ukuta wetu umepakwa chokaa ya buluu, ile inayoachia ukiigusa, na nilipomwinua alikuwa na duara la buluu katikati ya macho, juu ya manyoya meupe. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Mate yalikuwa yakimchuruzika. Nilimweka chini akaanza kuzunguka, duara baada ya duara, upande wa kushoto tu. Yapata saa nne baadaye alilala, akaamka, akanywa maji, akanifuata jikoni kama kawaida yake.

Mzee jirani yetu alisema, "Mwanangu, huyu ana pepo, mrudishe alikotoka." Vijana nao walisema ni kichaa cha mbwa, na wawili walikuja mlangoni na rungu. Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kipo kwetu na kinaua, na mbwa anayetokwa na mate huku akizunguka humwachi karibu na watoto. Niliwaomba siku moja tu.

Mahali pa kwanza nilipompeleka sitapataja. Alidungwa sindano ya minyoo, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Niliporudi nikaambiwa ni homa ya kupe, akadungwa nyingine. Ziara mbili zilinigharimu shilingi 4,200, na hakuna aliyemtoa damu wala aliyeniuliza swali zaidi ya jina la mbwa. Homa ya kupe ni ya kufikiriwa, maana Pwani kupe ni wengi. Lakini mtu hufikiri kisha akapima.

Huyu daktari wa pili ni kijana, na alianza kwa kuniomba kadi ya chanjo. Kwa bahati ilikuwa katika bahasha aliyoniachia yule mama. Aliisoma tarehe mara mbili. Kisha akaniuliza hali hii imeanza lini. Nikamwambia, kwa kukumbuka vizuri, kama miezi mitatu, inakuja na kuondoka. Akasema, "Mama, kichaa cha mbwa hakiji kikaondoka. Mbwa akishaonyesha dalili, kwa kawaida hamalizi siku 10." Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Aliniagiza nimtenge na watoto kwa siku 10, nivae glavu nikimfuta mate, na akaniandikia barua fupi yenye mhuri niwaonyeshe wale vijana. Barua hiyo ndiyo iliyomwokoa kabla ya dawa yoyote.

Ndipo likaja swali lililonifanya niandike haya yote. "Anapokuwa hivi, ni baada ya kula au kabla?"

Sikujua. Mimi mpishi, ninayejua kila mtu wa nyumba ile alikula nini na saa ngapi, sikujua mbwa wangu huumwa kabla au baada ya kula. Akatoa daftari la shule la kurasa 32 kwenye droo akanipa. Niandike kila anachokula, saa ngapi, na kila anapobadilika, saa ngapi. Siku hiyo hiyo alimtoa tone la damu akaliangalia kwenye hadubini kutafuta vijidudu vya kupe. Hakuviona. Alichoona ni chembe nyekundu za damu ndogo kuliko kawaida, naye hakukitupa, alikiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Sampuli nyingine aliipeleka maabara.

Zile siku 10 ziliangukia Idi. Jirani alituletea sahani ya nyama ya mbuzi, na watoto, kwa mapenzi yao, wakampa Bricho vipande. Daftari linasema: saa saba na robo mchana, nyama ya mbuzi. Saa tisa, anayumba. Saa tisa na nusu, paji la uso ukutani. Saa kumi, anatetemeka mwili mzima, amejikojolea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipata kifafa, nikadhani ndiyo mwisho. Mara nne katika siku 10 alibadilika, na mara zote nne alikuwa amekula nyama au maini kati ya saa moja na saa tatu kabla. Siku za wali na maziwa hakukuwa na kitu.

Daktari alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, huku watu wawili wenye mbuzi wakisubiri nje. Kisha akaniuliza kama napika wali wa nazi. Nikasema ndiyo.

"Ukikamua nazi bila kifumbu, nini kinaingia chunguni?"

"Machicha."

"Basi ini ndilo kifumbu."

Alinichorea nyuma ya daftari, na mchoro huo bado ninao. Damu yote inayotoka tumboni na kwenye utumbo imebeba chakula, lakini imebeba na uchafu. Inakusanyika katika mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini, na ini huichuja kabla haijafika moyoni na kwenye ubongo. Mtoto wa mbwa akiwa tumboni, kazi hiyo hufanyiwa na mama yake, kwa hivyo kuna mshipa unaolikwepa ini. Akizaliwa, mshipa huo hujifunga wenyewe ndani ya siku chache. Kwa mbwa wengine haufungi, na hao mara nyingi ni wa aina kubwa kubwa, mshipa ukiwa ndani ya ini lenyewe. Kwa wadogo kama Maltese na Yorkshire Terrier, mara nyingi ni mshipa mwingine usiostahili kuwepo, nje ya ini, ambao mbwa amezaliwa nao. Yeye aliuita shanti, kisha akasema kwa Kiswahili niuite mchepuko, kama barabara inayozunguka mji.

Damu ikipita kwenye mchepuko, uchafu unafika kwenye ubongo. Mbaya zaidi ni amonia, inayotengenezwa na bakteria wa utumbo wakivunja nyama. Ndiyo maana ya ukuta, ya kuzunguka, ya mate. Ini nalo, kwa kukosa damu yake, hubaki dogo, na mwili haukui. Nilikaa kimya nikiwaza yale maini ya Jumamosi.

Hakuniambia "ni hivyo" kwa sababu ya daftari tu, na hapo ndipo nilipomwamini. Alisema sasa ana shaka nzuri, na shaka hupimwa. Majibu ya maabara yalikuwa yameonyesha urea na albumini ziko chini, vitu viwili ambavyo hutegemea ini. Akataka mkojo wa asubuhi, nikaupeleka kwenye chupa safi ya dawa. Aliniita kwenye hadubini nikaona mwenyewe: vitufe vya rangi ya kahawia inayong'aa kama dhahabu, vyenye miiba kama mbigili. Ni fuwele za amonia na asidi ya mkojo. Akasema zikijikusanya zinakuwa mawe ya kibofu, na wapo mbwa ambao hugunduliwa kuwa na mchepuko kwa kuanza na mawe hayo.

Kipimo chenyewe hasa ni cha asidi za nyongo. Mbwa anakaa saa 12 bila kula, anatolewa damu, analishwa, na baada ya saa mbili anatolewa tena. Ini zima huzirudisha asidi hizo haraka kutoka kwenye damu, ini lililokwepwa haliwezi. Majibu yalirudi baada ya siku 6: kabla ya kula 62, baada ya kula 214, na karatasi ya maabara ile ilisema baada ya kula isizidi 30. Mimi nilitaka kushangilia kwamba tumepata jibu. Yeye akanishika mkono. Akasema Maltese ni aina ya mbwa ambao hata wazima wengine asidi hizi hupanda baada ya kula, kwa hivyo namba moja kubwa haimtoshi. Kilichomshawishi ni mambo yote kukaa pamoja: kimo, chembe ndogo za damu, urea, fuwele, daftari, na ile namba ya kabla ya kula. Bado akataka mshipa uonekane kwa macho.

Amonia ya damu hakuipima, na alinieleza kwa nini. Sampuli yake yataka kuwekwa kwenye barafu mara moja na kupimwa upesi, ama sivyo inapanda yenyewe ndani ya chupa na kukupa jibu la uongo. Kuipeleka safari ndefu ni kutupa pesa zako, alisema. Ni mara chache kusikia mtu akikataa kukuuzia kipimo.

Kwa ultrasaundi tulikwenda Mombasa, kilomita kama 120. Matatu tatu zilikataa mbwa hata akiwa ndani ya kikapu, ikabidi nikodi Probox, na gari lilinigharimu kuliko kipimo. Aliyepima alimnyoa tumbo, akamlaza chali mapajani mwangu, akatafuta karibu saa nzima. Ini lilikuwa dogo, figo kubwa kuliko kawaida, na mshipa uliopinda ukiingia kwenye mshipa mkuu wa mgongoni bila kupita kwenye ini. Alinionyesha kwenye skrini kwa kidole. Kwenye kibofu kulikuwa na changarawe lakini hakuna jiwe. Alisema picha kamili zaidi ni ya skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na atakayetaka kupasua ataihitaji ajue mshipa unaanzia wapi na kuishia wapi.

Sasa dawa. Ya kwanza ni laktulosi, shira tamu ile ile wanayopewa watu waliofunga choo, ipo kwenye duka lolote la dawa mjini. Sikuelewa kwa nini mbwa asiyefunga choo apewe. Nikaelezwa kwamba huufanya utumbo kuwa na ukali wa asidi, amonia inanaswa humo humo na kutoka na choo badala ya kuingia kwenye damu. Bricho hupewa mililita 1 mara tatu kwa siku kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, polepole. Kipimo hakikufungwa kwenye karatasi. Hufuata choo: kikiwa laini kama uji mzito, mara mbili au tatu kwa siku, ni sawa, kikiwa maji napunguza. Daktari alinifundisha hilo kwa uvumilivu, na alinipigia simu siku ya tatu kuuliza choo kikoje.

Ya pili ni metronidazoli, ile watu wanayoiita Flagyl, ya kupunguza bakteria wanaotengeneza amonia. Hapa alikuwa mkali. Mbwa mwenye ini la namna hii hupewa kipimo kidogo kuliko mbwa mzima, kwa sababu dawa yenyewe husafishwa na ini, na ikizidi huleta kuyumba na kifafa chake yenyewe. Alinitengenezea vipakiti vya unga, kila kimoja dozi moja. Usikate kidonge cha mtu nyumbani ukadhani umeokoa pesa. Ya tatu, kwa sababu ya kile kifafa cha Idi, ni levetirasetamu. Hiyo ilikuwa ghali na ilibidi iagizwe.

Chakula ndicho nilichokimudu mimi. Wengi husikia "ini" wakamnyima mbwa protini yote, naye anakonda mpaka basi. Daktari alikataa hilo, hasa kwa mbwa ambaye bado anakua. Kinachobadilika ni protini inatoka wapi: mayai, maziwa mala, jibini laini, soya, pojo, na siyo nyama nyekundu, wala maini, wala dagaa. Nimempikia wali laini na yai, viazi na ricotta, pojo zilizopondwa bila chumvi, milo minne midogo badala ya miwili mikubwa. Chakula maalumu cha ini cha kopo nacho kipo kwa mwenye uwezo, nami nilinunua mara mbili tu. Naomba mnielewe, sikuwahi kupikia mtu kwa makini kama nilivyompikia huyu, na nimepikia harusi.

Wiki ya pili alinibwekea. Hakuwa amewahi kubweka kwangu, na mimi nilidhani ni mbwa mpole. Alikuwa mgonjwa.

Operesheni daktari ameieleza bila kuificha na bila kuisukuma. Mchepuko haufungwi kwa ghafla kwa kila mbwa, kwa sababu mishipa ya ndani ya ini haijakomaa kuipokea damu yote, na shinikizo linaweza kurudi kwenye utumbo na kumuua ndani ya saa chache. Kwa mshipa ulio nje ya ini huvalishwa pete ndogo ya chuma yenye kaseini ndani, protini ya maziwa, ambayo hufyonza unyevu, huvimba na kuubana mshipa polepole kwa wiki kadhaa. Wengine hutumia ukanda wa selofani, mwili wenyewe ukajenga kovu la kuubana. Ile michepuko ya ndani ya ini ya mbwa wakubwa huzibwa kwa nyaya zilizosokotwa, zinazopitishwa kwenye mshipa wa shingo. Aliniambia kwamba wanaopasuliwa kwa wastani huishi zaidi kuliko wanaotunzwa kwa dawa tu. Aliniambia pia kwamba wachache hupata kifafa kikali katika siku tatu za kwanza baada ya kupasuliwa na wengine wao hufa. Na asizalishwe kamwe, maana jambo hili hurithiwa. Hakunishika mkono kuelekea upande wowote. Mpaka sasa tuko kwenye dawa, na ninaweka akiba.

Malalamiko yangu ni haya. Hakuna orodha ya bei ukutani, unauliza kila kitu, na mwenye haya ataondoka bila kuuliza. Kumwona daktari nililipa 1,500, lakini jumla ya kila kitu kufikia ultrasaundi, pamoja na Probox, ilipita 30,000, na ningependa niambiwe makadirio hayo siku ya kwanza. Benchi la barazani linapigwa na jua kuanzia saa nne. Jumapili hufungwa, na siku za wiki daktari mara nyingine huitwa kwenye ng'ombe huko Magarini, simu haipatikani, ukabaki na msaidizi ambaye ni mwema lakini hawezi kukuamulia kitu. Siku ya kifafa nilimpigia simu mara sita. Alinirudia alfajiri akaomba radhi, na tangu siku hiyo amenipa namba ya mwenzake.

Sasa Bricho ana kilo 2.6. Daftari la pili linakaribia kuisha, na mara ya mwisho kugusa ukuta ilikuwa siku ambayo mgeni alimpa soseji.

Mkienda kwa kipimo cha asidi za nyongo, mbwa asile kitu tangu saa mbili usiku ili atolewe damu saa mbili asubuhi, na mbebe chakula chake wenyewe, kwa sababu kliniki haina na ni lazima alishwe hapo kabla ya damu ya pili. Kwa mbwa mdogo sana ulizeni kwanza kama anaweza kuhimili saa zote hizo, kwa kuwa sukari yake hushuka upesi. Mimi niliambiwa nimpe asali kidogo kwenye ufizi akianza kulegea, na nilikuwa nayo mfukoni. Mkojo uwe wa asubuhi hiyo hiyo. Na mwende mkiwa na daftari tayari.